Nyangumi wa kusi na majarife ya Msimbati

Kwetu Mafinga samaki alifika akiwa mkavu: dagaa wa Nyasa, au ng'onda iliyofungwa kwenye gazeti. Habari za bahari tulizipata kwa vijana wa pwani walioletwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wakitetemeka kwa baridi ya Juni huku wakitusimulia mnyama mrefu kuliko lori la mbao la msitu wa Sao Hill. Tukiwa watoto hatukuwaamini.

Mwaka 1991 nilipangiwa kufundisha Msimbati, mkoa wa Mtwara, karibu na mdomo wa Ruvuma. Mzee aliyenipa chumba, niliyemwita Babu, alivua kwa mshipi na madema. Majira ya kusi nyangumi walipita mbele ya kijiji, ila kwa nadra. Wakionekana, mitumbwi ilijiweka kando hadi wapite. Hapakuwa na ugomvi.

Baadaye nilisoma kwa nini walikuwa wachache. Katika karne ya 20 meli za wawindaji ziliua zaidi ya 200,000 wa aina hii, nyangumi wa nundu, upande wa kusini wa dunia. Kuwawinda kulikatazwa mwaka 1963, lakini meli za Kisovieti zikaendelea kwa siri; zilipoacha ndipo nyangumi polepole wakaanza kuongezeka. Kila mwaka hutoka Antaktika, wanakokula uduvi, wakaja kuzalia kwenye maji yetu ya vuguvugu kati ya Julai na Novemba. Hawamli samaki wa mvuvi hata mmoja. Wanachohitaji ni njia tu, na mama mwenye ndama huipenda ile ya karibu na pwani.

Njia hiyo ndiyo iliyozibwa. Baruti zilikuwa zimevunja matumbawe kwa miaka mingi, mshipi ukashindwa kulisha nyumba, na wajukuu wa Babu wakanunua majarife ya nailoni ya kunasa papa, taa na jodari. Jarife hutegwa jioni, likaachwa usiku kucha. Tena kusi ikivuma chombo kidogo hakithubutu kwenda mbali, kwa hiyo nyavu hujaa palepale anapopita mama na mwanawe. Pezi la nyangumi huyu hufikia theluthi ya mwili wake. Likishaingia kwenye nyuzi, kila anavyojipinda hujifunga zaidi, naye lazima apande juu avute pumzi.

Mjukuu mmoja wa Babu, sasa nahodha, alikuta alfajiri ndama amenaswa na mama yake akizunguka mashua. Alikata wavu wake mwenyewe hadi ndama akatoka. Nilipokwenda kumpa pole alisema, "Mwalimu, mnyama yule simchukii. Lakini jarife lile ni la mkopo."

Watamu, Kenya, watalii hulipia boti kwenda kuwaona nyangumi. Huku Msimbati, aliyemwokoa mmoja alibaki na deni, na hilo linaniuma hadi leo. Tangu mwaka 2000 bahari ya Msimbati imo ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Naona ni haki kuwe na mfuko wa kumrudishia mvuvi wavu alioukata ili kumwokoa nyangumi, na kusi ikiingia asaidiwe kurudia mshipi na madema.

Nilimweleza nahodha. Akauliza nani atakayethibitisha kwamba wavu ulikatwa, haukuoza. Nikamwambia wenzake mashuani walikiona kisu, na neno lao litoshe.