Boksi la Kijani na Watoto Wetu



Wazazi na wanafunzi wetu wapendwa, mara hii tunazungumzia mchezo wa kwenye televisheni. Tunajua wapo watakaouliza mwalimu wa madrasa ana nini na mambo hayo. Ni kwamba wazazi kadhaa hapa Misiera wametutaka tuwakataze watoto kwenda kwenye vibanda vya gemu. Wengi hulalamikia pesa na muda unaopotea, na malalamiko hayo tumeyazoea. Lakini mama mmoja aliyetoka Masisi, Kongo, alituletea jingine. Alisema: "Ustadh, mwanangu anashangilia bomu likilipuka. Sisi bomu ndilo tulilolikimbia."

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Tukaona si vizuri kukataza wala kuruhusu kitu tusichokijua. Basi tulipokwenda Mbarara kwa shughuli zetu, tulimwomba mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anasoma huko, atuonyeshe mchezo wenyewe tangu mwanzo na atueleze kila kitu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo unaitwa Crash Bandicoot. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996, likatengenezwa na kampuni ya Naughty Dog ya Marekani kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Mhusika wake ni mnyama mdogo wa Australia anayekimbia, kuruka na kuvunja maboksi. Boksi likivunjika hutoa matunda, au maisha ya ziada, na mchezaji anayevunja maboksi yote ya hatua moja hupewa kito. Kwa hiyo mkono wa mtoto unazoea jambo moja: ukiona boksi, livunje.

Katikati ya maboksi hayo yamewekwa ya hatari. La kwanza ni jekundu, limeandikwa TNT. Ukilirukia linaanza kuhesabu tatu, mbili, moja, kisha linalipuka. Mwenye mbio anapona. Toleo la pili, la mwaka 1997, likaleta boksi la kijani linaloitwa Nitro. Hili halihesabu. Linatikisika pale lilipo kama kitu chenye uhai, na ukiligusa tu, umekwisha. Maboksi hayo mawili yamekuwa yakirudi: yamo katika toleo la 1998, yamo katika yale matatu ya mwanzo yaliyotengenezwa upya mwaka 2017, na yamo katika toleo la nne la mwaka 2020.

Kisha yule kijana akatuonyesha kitu ambacho hatukukitarajia. Katika hatua zenye Nitro kuna boksi jingine la kijani lenye alama ya mshangao. Mchezaji akiligonga, Nitro zote za hatua ile zinalipuka zenyewe, yeye akiwa mbali nazo. Kijana akasema: "Anayejua kucheza, Ustadh, Nitro haigusi. Anapita pembeni, anatembea mpaka alifikie lile la alama." Tukayashika maneno hayo, kwa sababu ndani yake tuliona somo.

BOMU LISILO NA RANGI

Wengi wetu hapa Nakivale hatuhitaji kuelezwa vita ni nini. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu mwaka 1958, wakaja Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mji wa Mbarara wenyewe uliharibiwa vibaya katika vita vya mwaka 1979. Kaskazini ya Uganda, na huku magharibi upande wa Kasese, mabomu ya kutegwa ardhini yaliachwa na vita vya waasi, na ni Desemba 2012 tu ndipo Uganda ilipotangaza kwamba imemaliza kuyaondoa katika maeneo yote yaliyojulikana. Rwanda ilitangaza hivyo mwaka 2009.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mtoto wa Misiera anakanyaga mabomu akienda kuchota maji. Lakini familia zetu zina ndugu na mashamba ng'ambo ya mpaka, na wengine hurudi kuangalia kilichobaki. Goma ilipotekwa Januari 2025, mapigano yaliacha mabomu na risasi ambazo hazijalipuka katika mji ule na vijiji vinavyouzunguka. Mtoto anayecheza hapa leo, mwakani anaweza kuwa huko.

Wala si lazima pawe na vita. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilaya ya Ngara mkoani Kagera, bomu la kurusha kwa mkono liliwalipukia wanafunzi. Watoto watano walifariki na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa amelipata akalidhani ni chuma chakavu. Ngara si mbali nasi, na Tanzania ni nchi ya amani.

Tuutazame msiba huo vizuri kabla ya kuutupia mchezo lawama. Katika taarifa hizo hakuna aliyetaja gemu. Kilichotajwa ni chuma chakavu, na chuma chakavu ni pesa. Hapa kwetu pia watoto huokota vyuma wakauza kwa kilo, wapate daftari au sabuni. Mtoto mwenye shida akiona chuma kizito hafikirii vita, anafikiria mizani. Basi tukifunga vibanda vyote vya gemu leo, hatari hiyo itabaki palepale.

Hata hivyo mchezo una uongo wake, na lazima tuwaambie watoto. Kwanza, boksi la hatari lina rangi yake na jina lake. Bomu la kweli huwa limeshika kutu, limejaa udongo, linafanana na kopo, chupa au kipande cha bomba. Pili, mchezaji akilipuka huanza tena. Na tatu, mchezo umepanga maboksi kwa ajili ya mchezaji, ukamwachia na njia ya kupita. Aliyeacha bomu shambani hakumwachia mtu njia.

Lakini una ukweli pia. Bomu la mkono likishatolewa pini na kuachiwa, linangoja sekunde chache kisha linalipuka, kama TNT. Na bomu lililofyatuliwa likaanguka bila kulipuka ni kama Nitro: lilikwisha tayarishwa kulipuka, likakwama, na hakuna ajuaye ni mguso gani utakaolimalizia. Linaweza kukaa miaka mingi chini ya majani, na miaka hiyo hailiondolei hatari. Nao mafundi wa kutegua mabomu, wanapoona halifai kuhamishwa, hufanya kama lile boksi la alama: hulilipua palepale lilipo, wao na watu wote wakiwa mbali.

SWALI LA DARASANI

Siku moja tulikuwa tunasomesha yale mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Tulitaja mwiba, jiwe na kigae cha chupa. Mtoto mmoja wa miaka tisa akanyoosha mkono: "Ustadh, na nikikuta bomu njiani, niliondoe?"

Wengine walicheka. Watoto watatu au wanne hawakucheka, na tulijua kila mmoja wao alitoka wapi.

Swali lile si la kuchekesha. Mtoto mwenye imani nzuri, aliyefundishwa kuwahurumia wapita njia, ndiye anayeweza kuinama alibebe. Tukamjibu hivi: kuondoa dhara ni kwa kila mtu kwa kadiri ya uwezo na elimu yake. Mwiba uuondoe kwa mkono wako. Bomu uliondoe kwa ulimi wako, yaani ukaseme kwa anayeweza. Ukifanya hivyo umekwisha timiza wajibu wako, na ukilishika umeongeza dhara juu ya dhara.

Ndipo binti mmoja mkubwa kidogo akasema kwamba kwao Kongo watu wakiona kitu kama hicho huweka matawi ya miti njiani, na anayeyaona hurudi. Darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge nasi alikuwa amezungumza bila kuulizwa.

TULIVYOAMUA

Wazazi wenzetu, baada ya hayo tumeamua kutoutangaza mchezo huu kuwa adui. Muda wake uwe na mpaka, swala isipitwe, na pesa ya daftari isiende kibandani. Hayo tunayashikilia. Lakini mtoto akija na habari za boksi la kijani, tusimfukuze, tukae naye. Anakijua tayari kitu ambacho vinginevyo tungekifundisha kwa shida: kwamba vipo vitu duniani ambavyo ushindi wake ni kutovigusa.

Na kwa watoto waliofika hapa wakiwa na kumbukumbu za milipuko, hali ni nyingine. Ukiona mwanao anashtuka kwa kelele, haingii usingizini au anajikojolea baada ya kucheza, mwondoe kwenye mchezo huo kwa upole bila kumwaibisha, na umpeleke kwa wahudumu wa afya. Nyumba hazifanani, na mzazi ndiye anayemjua mtoto wake.

Tunawaomba kila nyumba iwafundishe watoto mambo haya, wayaseme kwa moyo kama wanavyosema dua ya kula:

1. Chuma usichokijua usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome moto.

2. Ukikiona, simama. Usisogee kukitazama vizuri. Rudi kwa njia ileile uliyojia.

3. Wazuie wenzako, na ukiwa mbali weka alama ambayo mpita njia ataiona.

4. Mwambie mtu mzima, mwenyekiti wa kijiji au polisi. Usiogope kuambiwa umekosea.

5. Usiuze wala usinunue chuma chakavu ambacho hujui kilikuwa nini.

Na nyinyi mnaonunua vyuma kwa watoto, mkiletewa kitu cha namna hiyo msikipokee mikononi na msimfukuze mtoto akiondoka nacho. Mwambieni akiache chini polepole, wote muondoke, na muite polisi.

Wanafunzi wetu wa Mbarara mtakaokuja likizo, tunawahitaji. Nyinyi mnaujua mchezo na wadogo zenu wanawasikiliza. Njooni madrasa Jumamosi asubuhi mtusaidie kuwafundisha mambo haya matano.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu hapa walipo na huko watakakokwenda, na awarehemu wale wa Ngara na wazazi wao awape subira. Aamin.

Wabillahi tawfiq.