Kutafuta Kazi na Mama Yu Kitandani

Mama yetu amepooza, naye hugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Nasi twatafuta kazi. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yaweka muda wa kawaida wa kazi usiozidi saa 9 kwa siku. Ni nani basi atakayemgeuza mara 4 hali sisi tuko kazini? Majirani husema, "Wekeni mtumishi." Kwa mshahara upi, nao haujapatikana?

Ndugu zetu walioko Muscat huleta fedha, Mwenyezi Mungu awajazi kheri, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alimrudisha kwa wazazi wake mtu aliyetaka kwenda jihadi; wengi huisimulia hadithi hiyo wakiwa mbali.

Juzi tumepata kazi ya ulinzi, ya usiku. Tumeikubali. Dada yetu atashika usiku, nasi mchana. Kulala hatujakupangia saa.