Sinia Lisilo na Karanga

Mtu wa visiwani akihamia Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwanza hupokewa na baridi, kisha huanza kuzililia nazi. Kashata nilizozijua utotoni ziligeuka huko kuwa za karanga. Karanga zilitwangwa zikaungia mboga, zikakaangwa zikatafunwa barazani; hapakuwa na jiko lisilonukia karanga.

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi na Waislamu wachache, lakini sikukuu mtaani kwetu hazikuuliza dini. Iddi ikiandama, watoto wa kanisani na wa madrasa walibisha hodi pamoja. Krismasi vivyo hivyo.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa jirani, wa miaka sita, mwenye mzio wa karanga. Chembe tu ilitosha: midomo ikavimba, vipele vikamtoka, pumzi ikambana. Mzio wa namna hii huweza kuua, na tiba yake ya haraka ni sindano ya adrenalini, ambayo haikai kabatini mwa jirani. Nasi tumewafunza watoto kupokea kwa mikono miwili na kutouliza walichopewa! Mamaye alimfundisha kusema, "Shikamoo bibi, mimi sili karanga." Bibi mmoja alinuna, akasema mtoto anaringa. Mimi niliiona ile kuwa adabu iliyo bora kuliko kunyamaza.

Mwanzoni akina mama walimtengea kisahani chake. Huruma ilikuwapo, ila mtoto alikaa pembeni nacho kama mgonjwa, na wenziwe, vidole vikiwa na unga wa karanga, wakaja kumwonja. Nikashauri tubadilishe sinia zima.

Kazi haikuwa ndogo. Kinu kilichozoea karanga hakitakasiki kwa suuzo moja, na mashine ya mtaani husaga kila kitu. Tukaazima kinu kipya, tukatwanga ulezi, nafaka ya Wafipa wenyewe, tukaoka vileja. Kaimati tulizichoma kwa mafuta mapya ya alizeti, si yale ya jana. Ufuta tuliuacha, maana nao huwadhuru baadhi ya watu.

Asubuhi ya Iddi binti yule alisimama mbele ya sinia, akamtazama mamaye.

"Na hivi?"

"Vyote, mwanangu."

Akachukua vitatu, akasukumana na wenziwe kutafuta cha nne.