Upinde wa Kipimo Changu

Baada ya Molo matatu ilianza kupanda, na tulipopita Keringet kila abiria alikuwa amefunga dirisha lake. Olenguruone nilikuwa sijawahi kufika. Nilishuka katikati ya soko la viazi, nikapanda bodaboda kuelekea Tinet, chai ikiwa kushoto na kulia. Niliyemfuata ni mzee wa Kiogiek anayechonga pinde.

Mimi ni mlenga shabaha, na nilitaka upinde mzito uliopimwa kwa mkono wangu. Silaha ya kupimwa hivyo si jambo geni: Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda Kenya mwaka 1909 alikuja na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kampuni ya London inayochonga kitako kufuata bega la mwenye silaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mambo hayo yakaisha. Ufundi wa kupima silaha kwa mwili ulikuwa kwa Waogiek wa msitu wa Mau kabla ya bunduki hizo, na bado upo.

Mzee hakutaja bei. Alinipa kwanza upinde wake niuvute; ugwe ukanigomea kabla haujafika kidevuni. Akanitandaza mikono, akapitisha kamba kutoka kiganja hadi kiganja, akafunga fundo. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto na kuuminya kwenye kiwiko, kimya, kwa muda mrefu.

"Nitakuchongea mwembamba kidogo, kijana wangu. Nguvu utaongeza wewe."

Ndipo tukapiga hesabu. Mti, shilingi 300. Mti wa pili, 300 nyingine, maana wa kwanza unaweza kupasuka ukikauka juu ya moto jikoni, na yeye hamrudii mteja kuomba nyongeza. Kano za ng'ombe za kusokota ugwe, 200 kwa mwenye bucha. Vyembe sita vya mhunzi, 150 kila kimoja. Manyoya ya jogoo ni ya nyumbani kwake. Kazi ya mikono yake, 3,500. Jumla 5,200. Sumu ya msunguti hapaki tena kwenye mshale wa mtu yeyote.

Sikuomba apunguze hata senti. Kilichoniuma ni zile 300 za mti. Zamani angeingia msituni akachagua mwenyewe; sasa ananunua kwenye ua wa shamba la jirani. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek ilipowafukuza Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa mali na milioni 100 kwa machungu waliyopata. Kwangu hukumu ile ilikuwa habari ya magazetini mpaka nilipomwona fundi wa pinde akihesabu mti kama bidhaa ya kununua, na msitu wenyewe unaonekana kutoka mlangoni pake.

Nilimpa 1,700, gharama yote ya vifaa, iwe arbuni. Alinikataza kurudi kabla hajanipigia simu, na pia kumtuma mtu aje kuuchukua. Lazima niuvute mbele yake: ukinishinda, atauparaza mti tena, nikiuweza kwa urahisi, atafupisha ugwe.