Pikes Peak: Mlima wa Mashindano ya Motokaa

Katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, upo mlima uitwao Pikes Peak, ambao kilele chake kina kimo cha futi 14,115 juu ya usawa wa bahari. Mlima huo haufikii Mlima Kenya wenye futi 17,057, wala Kilimanjaro. Lakini una jambo moja ambalo milima hiyo miwili haina, nalo ni barabara ya motokaa ifikayo hata kileleni. Katika barabara hiyo, kila mwaka mwezi wa Juni, madereva wa nchi mbalimbali hukutana kushindana, ijulikane ni nani awezaye kupanda upesi kuliko wenzake.

Waute, wenyeji wa zamani wa sehemu zile, waliuita mlima huo Tava, maana yake Jua. Mwaka 1806 askari mmoja wa Marekani, Zebulon Pike, aliuona, akajaribu kuupanda, akashindwa kwa theluji na baridi. Hata hivyo mlima ukabaki na jina la mtu ambaye hakukanyaga kilele chake. Motokaa ya kwanza kufika juu ilikuwa ya mvuke, mwaka 1901, nayo ilipita njia iliyotengenezwa kwa magari ya farasi. Baadaye Spencer Penrose, tajiri wa mji wa Colorado Springs ulio chini ya mlima, aliifanya njia ile kuwa barabara pana, na mwaka 1916 akaanzisha mashindano ili sifa ya barabara yake ienee na wageni waje. Mshindi wa mwaka huo, Rea Lentz, alitumia dakika 20 na sekunde 55.6.

Mashindano huanza mahali penye kimo cha futi 9,390. Msomaji aliyepata kusafiri kwa gari la moshi na kupita stesheni ya Timboroa, katika baridi ile inayojulikana, na afikiri kwamba madereva hawa huanza safari yao mahali palipo juu zaidi ya hapo. Kisha hupanda futi 4,725 nyingine, katika mwendo wa maili 12.42 wenye kona 156. Mwanzoni barabara hupita katikati ya misitu. Baadaye hujipinda kama herufi W iliyoandikwa mara nyingi, na ipitapo kimo cha futi 12,000 miti haipo tena, ila mawe matupu, upepo na mabaki ya theluji. Mahali pengi pembeni hapana ukuta wala kizuizi chochote. Akosaye kona huenda chini pamoja na gari lake.

Motokaa haziondoki kwa pamoja. Kila moja huondoka peke yake, na adui yake ni saa. Lakini yupo adui mwingine asiyeonekana, nao ni uhaba wa hewa. Kileleni hewa ni kama sehemu sita tu katika kumi za ile iliyoko Mombasa. Injini ya petroli haiwezi kuchoma mafuta bila hewa. Basi kadiri ipandavyo ndivyo inavyoishiwa nguvu. Dereva naye hupumua kwa shida, na akili yake huchelewa kidogo wakati ule ule ambapo kona zahitaji akili nyepesi. Kwa sababu hiyo mafundi walitia katika injini vyombo vya kushindilia hewa kwa nguvu, na juu ya magari wakaweka mabawa makubwa ya kuyakandamiza barabarani.

Louis Unser alishinda mara 9, na Bobby Unser, mtoto wa ndugu yake, mara 10. Mwaka 1985 mwanamke wa Kifaransa, Michèle Mouton, aliwashinda wanaume wote kwa dakika 11 na sekunde 25.39. Mwaka 1988 Ari Vatanen wa Finland, ambaye watu wa Kenya walimfahamu kwa kushinda Safari Rally ya mwaka 1983, alifika kwa dakika 10 na sekunde 47.22. Nobuhiro Tajima wa Japani alikuwa mtu wa kwanza kupungukiwa na dakika 10, mwaka 2011. Mwaka 2018 Romain Dumas wa Ufaransa alitumia dakika 7 na sekunde 57.148 tu. Gari lake lilikwenda kwa umeme wa betri, nao umeme hauhitaji hewa. Basi mlima ukakosa ile silaha yake ya zamani.

Barabara yenyewe imebadilika pia. Kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, na kila mvua iliponyesha ilichukua changarawe ile na kuishusha katika vijito, ikaharibu maji na mimea. Mkulima yeyote aliyeona udongo wa shamba lake ukienda mtoni atalifahamu jambo hilo. Wapenzi wa mazingira walikwenda mahakamani, na mwishowe ikakubaliwa kwamba barabara itiwe lami; kazi ikamalizika mwaka 2011. Lami ilizidisha mwendo, lakini haikuondoa hatari. Mwaka 2019 mpanda pikipiki mmoja hodari alianguka karibu na mwisho wa njia akafa, na baada ya hapo pikipiki hazikushindanishwa tena.

Siku nyingine barabara hiyo ni ya watu wote, na wageni hupanda kwa magari yao ya kawaida. Hao huonywa zaidi juu ya kushuka kuliko juu ya kupanda. Huambiwa watie gia ndogo, ili injini izuie gari, wala wasikanyage breki mfululizo. Mahali paitwapo Glen Cove, walinzi hupima joto la breki za kila gari lishukalo, na mwenye breki zilizopata moto kupita kiasi huombwa kungoja mpaka zipoe. Madereva wa malori washukao Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajua maana ya harufu ya breki zinazoungua, na wako walioijua wakiwa wamechelewa.

Nao washindani wenyewe, wakiisha kufika kileleni, hungojana mpaka wa mwisho amalize, kisha hushuka wote pamoja kwa mwendo wa pole, wakiwapungia mkono watazamaji. Watu waliopanda kwa dakika chache kuliko wote duniani hawaoni aibu kushuka kama wazee. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.