Mahindi ya Njano

Mwaka wa 1984 mvua ilikataa Ukambani. Njaa iliyofuata watu waliipa jina Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nazo. Pesa zilikuwa mkononi, chakula hakikuwa dukani. Sisi wa Nuu, wakati huo tukiwa Wilaya ya Kitui, tuliokolewa na mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Ugali wake tuliusema vibaya sana, na sahani tukazilamba.

Stoo ya msaada huo alikabidhiwa mzee wa kanisa letu. Hata wasiosali walimtaka yeye, wakisema mtu wa Mungu haibi. Magunia yalipopungua akaitwa barazani, akainua mkono: "Haki ya Mungu, sijagusa hata punje."

Mzee mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani akacheka. "Leteni kithitu, aape hapo."

Kwa asiyejua, kithitu ni kiapo cha Wakamba kilichoogopwa kuliko jela. Iliaminika kuwa aapaye uongo hufa, na jamaa zake humfuata. Mshtakiwa akasema dini yake hairuhusu. Mzee akamgeukia pasta wetu, kijana bado: "Mwanangu, Mungu wenu mnamwapia ovyo kwa sababu hamumwogopi."

Karibu miaka tisini ilikuwa imepita tangu mmisionari Peter Cameron Scott aanzishe misheni kule Nzaui, 1895, na bado hatukuwa na jibu la neno hilo.

Magunia yalipatikana kwa shemeji wa mshtakiwa. Kikao cha kanisa kikaitwa usiku, nami nikiwa mwandishi wake. Wengi walitaka jambo lizimwe, ati tulinde jina la Mungu. Nadhani walilinda viti vyao. Paulo alipowaandikia Warumi kwamba jina la Mungu linatukanwa kati ya mataifa, lawama aliitupia watu wa dini wenyewe, si hao mataifa. Lakini hakuna aliyeitaja sura hiyo ya pili usiku ule.

Aliyesema ni mama mjane, tena kutoka nyuma. "Pasta, watoto wangu walilala njaa, na wanajua mahindi yalikwenda wapi. Sasa tunamficha nani?"

Siku ya soko pasta alisimama palepale penye baraza, si mimbarani, akasema yote. Mwizi akasimama kando yake, akakiri, akavuliwa uzee. Magunia yakarudi, yaliyokwisha kuliwa tukayafidia kwa kupunguza vipimo vyetu wenyewe. Kuna waumini waliohama kanisa kwa aibu. Tuliwaacha waende.

Leo nasikia makanisa yakizima kesi za wizi, hata za watoto kunajisiwa, kwa hoja ileile ya kikao chetu. Hiyo ni haki ya Mungu ya uongo, inaapwa na kanisa zima badala ya mtu mmoja.

Yule mzee wa kithitu hakuokoka. Ila kamati mpya ilipochaguliwa, ndiye aliyemtaja mama mjane, naye akashika ufunguo wa stoo mpaka msaada ulipokwisha.