Mtaro Uliokuwa Namba Moja

Katika kabati langu la vitabu, kati ya rasimu za tasnifu za wanafunzi na majarida niliyoacha kuyasoma, imo karatasi moja yenye mwandiko wangu. Ni orodha ya vipaumbele vitano vya mtaa wetu, iliyotokana na mkutano wa wakazi uliofanyika chini ya mwembe, nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Namba moja ni mtaro wa maji ya mvua, kutoka shule ya msingi mpaka mtoni. Namba mbili ni mahali pa kukusanyia taka. Zinafuata taa za njiani, chumba kimoja zaidi cha zahanati, na mwisho kabisa, miti. Niliiandika mimi kwa sababu mtendaji alisema, "Mwalimu yupo, mwandiko wake unasomeka." Watu wakacheka, nami nikasogea mbele na kalamu yangu.

Naandika juu ya karatasi hiyo leo kwa kuwa kila mwaka, ninapofundisha somo la serikali za mitaa, hatakosekana mwanafunzi wa kuniuliza: ni nani hasa huamua kwamba Dar es Salaam itachimba mtaro badala ya kupanda bustani, au itanunua lori la taka badala ya taa? Kwa miaka mingi nilijibu kwa kuchora ubaoni. Siku hizi mchoro haunitoshi tena, na sababu yake inanihusu mimi mwenyewe kuliko nilivyopenda kukiri mbele ya darasa.

Mchoro wenyewe ni mzuri. Chini kabisa upo mtaa, ambako wananchi huibua miradi yao kwa utaratibu tunaouita Fursa na Vikwazo katika Maendeleo. Mapendekezo ya mitaa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani. Kutoka hapo huenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha Baraza la Madiwani, kisha mkoani, kisha TAMISEMI na Wizara ya Fedha, hata yafike bungeni kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mishale yote yaelekea juu, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba sauti ya mwananchi hupanda ngazi mpaka ikasikika.

Kisichoonekana katika mchoro huo ni mshale mwingine unaoshuka. Ni ukomo wa bajeti: kiasi ambacho halmashauri huambiwa isikivuke. Mahitaji hupanda, ukomo hushuka, na viwili hivyo hukutana juu ya meza ya mchumi wa halmashauri, mara nyingi usiku, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kuwasilisha. Hapo ndipo orodha ndefu huwa fupi. Haifupishwi na mtu mwovu. Hufupishwa na mtu aliyechoka, mwenye kikokotoo, anayejua kwamba mishahara, madeni na miradi viporo ya miaka iliyopita vimekwisha kuketi mezani kabla ya wageni wapya hawajabisha hodi.

Tuangalie fedha zenyewe zatoka wapi. Halmashauri ina mapato yake ya ndani: ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko, vibali vya ujenzi. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na miongozo huitaka itenge sehemu kubwa ya yaliyobaki kwa maendeleo. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo nguzo ya fedha za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo silipingi. Lakini kamba iliyomfunga mwenye nyumba na diwani wake imelegea. Anayelipia kodi yake ndani ya mita ya umeme hana sababu ya wazi ya kwenda kuuliza ofisi ya kata: kodi yangu imejenga nini?

Baada ya mapato ya ndani ipo ruzuku ya Serikali Kuu, na baada ya ruzuku wapo wafadhili na wakopeshaji. Kwa mazingira, mlango huu wa tatu ndio mpana kuliko yote. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji hili, uliojulikana kama DMDP, nao ukajenga barabara na mitaro Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2022 ikaidhinisha dola milioni 200 nyingine kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi zikichangia juu yake. Hakuna halmashauri yenye uwezo wa kutoa fedha kama hizo mfukoni mwake, na atakayezibeza ni yule ambaye hajawahi kulala juu ya meza maji yakipita chini yake. Nasema tu kwamba fedha za mlango huu huja na ramani yake, na mtaa usiokuwamo katika ramani hubaki na mapato ya ndani na dua.

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu.

Miezi michache baada ya mkutano wa mwembeni, nilialikwa kwenye kikao cha kata kama mkazi mwenye utaalamu. Tulielezwa kwamba lipo shirika lenye fedha za kupanda miti kandokando ya mito. Fedha zilikuwa tayari. Sharti ni kata itoe mchango wake mdogo na kuuweka mradi huo kuwa kipaumbele chake cha mazingira kwa mwaka huo. Mtaro wetu ulihitaji usanifu, upimaji na labda fidia kwa waliojenga njiani. Kulikuwa na kimya. Kisha mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, unatushauri nini?"

Nilishauri miti. Nilizungumza vizuri, kama ninavyozungumza darasani. Nilisema mizizi hushika udongo, kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba mtaa ukionyesha umeweza kusimamia mradi mdogo utaaminiwa mkubwa. Hakuna nililosema lililokuwa uongo. Wajumbe wakatikisa vichwa, mtaro ukaandikwa "mwaka ujao", na miti ikapanda kutoka namba tano hadi namba moja kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Wale waliouchagua mtaro hawakuwamo chumbani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo; mimi nilikuwepo, na la kwao nililiacha nje ya mlango.

Miche ilipandwa. Tulipiga picha. Mvua za masika zilipofika, maji hayakushuka kwa njia tuliyoitarajia. Yalitoka juu, kwenye viwanja vipya vilivyosakafiwa ukuta kwa ukuta, yakapita shuleni na kuingia katika nyumba za bondeni usiku. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Asubuhi nilishuka kuwapa pole majirani. Nilimkuta mama mmoja auzaye vitumbua, ambaye katika mkutano ule ndiye aliyesimama wa kwanza kuutaja mtaro. Alikuwa akianika madaftari ya mjukuu wake juu ya bati, ukurasa kwa ukurasa. Unga wote ulikuwa umeharibika. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuanika. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mwalimu, ule mtaro si uliuandika namba moja? Nilikuona ukiandika."

Nilisema ndiyo, niliuandika. Sikuongeza neno. Nimekwisha kutetea tasnifu mbele ya maprofesa wakali, lakini swali la mama yule sijapata kulijibu mpaka leo.

Baadaye nilikwenda kumwona kijana mmoja mtumishi wa idara ya mipango, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani. Nilikwenda nikiwa na hasira, pengine kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye lawama. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akanivutia kiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili. Mtaro wetu ulikuwamo. Ulikuwamo mwaka huo, na mwaka wa nyuma yake, na mwingine kabla ya hapo. "Hatuusahau, Mwalimu," akaniambia. "Kila mwaka huingia na kila mwaka hutoka. Darasa lina wazazi wa kulidai, barabara ina madereva wa kuidai. Mtaro hudaiwa wiki mbili za masika, na wiki hizo bajeti huwa imekwisha kufungwa."

Nikamuuliza ni ofisi ipi hasa inayouhusika. Akatabasamu. Maji yakiwa kandokando ya barabara, ni ya TARURA, ambayo tangu Julai 2017 ndiyo yenye barabara za mijini. Yakiingia mtoni ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Takataka zinazoziba njia ya maji hayo ni za halmashauri. Na vibali vya wale waliosakafia viwanja vyao kule juu vilitoka katika dawati jingine kabisa.

Jambo hili ni kubwa kuliko mtaa wetu. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukakatisha maeneo ya halmashauri zaidi ya moja kabla ya kumwagika baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande, hayakuuliza mpaka wa Ilala na Kinondoni uko wapi. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya Jiji. Zilikuwapo hoja za kupunguza matumizi na mwingiliano wa majukumu. Hata hivyo mkoa wenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022 sasa una halmashauri tano zenye bajeti tano, na maji yake ni yale yale.

Wapo wanaosema dawa ni masoko ya mitaji. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni hatua ya kujivunia. Lakini tuwe waangalifu na fundisho tunalochukua. Mamlaka ya maji huuza maji, na bili za wateja ndizo zitakazowalipa wenye hatifungani. Mtaro hauuzi kitu. Faida yake ni usiku ambao hakuna kilichotokea, na hakuna awezaye kuutumia mwekezaji ankara kwa usiku huo. Kwa hiyo mtaro utalipiwa kwa kodi au hautalipiwa. Na kama ni kodi, basi ni haki yule aliyesakafia kiwanja chake chote huko juu achangie zaidi kuliko muuza vitumbua anayeyapokea maji hayo bondeni. Viwango vyetu vya kodi ya majengo huhesabu nyumba na ghorofa. Havihesabu maji ambayo kiwanja kinamsukumia jirani.

Nawaomba wanafunzi wangu wasinielewe vibaya. Siandiki haya kuwashtaki watumishi wa halmashauri, ambao wengi wao nimewafundisha mwenyewe. Siwashtaki wenye fedha za miti pia. Nashtaki ile tabia, ambayo nimeiona kwanza ndani yangu, ya kuchagua mradi uliokwisha kupata fedha na kuuita kipaumbele. Kipaumbele ni kile ambacho watu wamekubali kukisubiria, na kukiwekea akiba kidogo kidogo. Fedha iliyo tayari ni bahati njema, lakini bahati isipewe ruhusa ya kufuta orodha. Tungeweza kuipokea miti na kuuacha mtaro palepale namba moja, hata kama mwaka huo tungelipia usanifu wake peke yake. Usanifu ukikamilika, mtaro nao huwa mradi ulio tayari, na mfadhili wa kesho au ruzuku ya kesho hupata pa kuangukia. Hilo halikunijia kikaoni. Lilinijia nikiwa nimesimama mbele ya madaftari yale.

Katika mkutano wa mtaa uliofuata niliomba nafasi. Nikasoma orodha ya zamani, nikaeleza ilivyobadilishwa na kwa ushauri wa nani. Haikuwa rahisi, mzee mmoja alikohoa kwa namna iliyonieleza mengi. Kisha nikapendekeza jambo moja dogo, ambalo halihitaji sheria mpya wala mkopo: kila kipaumbele cha mtaa kinapoondolewa huko juu, sababu yake irudi kwa maandishi, na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kando ya orodha ya awali. Ukomo ukiwa ndio sababu, iandikwe ukomo. Ushauri wa mwalimu ukiwa ndio sababu, liandikwe jina la mwalimu.

Mtendaji alikubali kwa upande wake, yaani kwa yale yanayotoka mtaani kwenda kata. Ya ngazi za juu alisema atayapeleka. Usanifu wa mtaro haujafanyika bado. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kila masika tunajenga ukuta, kila nyumba kivyake, kwa viroba vya mchanga.

Mwaka huu mtaro umeandikwa tena namba moja. Mwandiko safari hii si wangu. Ni wa mjukuu wa yule mama, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, na ambaye bibi yake alimsukuma mbele akisema, "Andika wewe. Na nakala moja tubaki nayo nyumbani."